Kuzibana Video za Ukoo Zienee Katika Diski Moja

Iko kazi moja ambayo walimu wengi siku hizi hutwishwa na jamaa zao. Watu hudhani ya kuwa mwalimu awezaye kuandika mitihani kwa kompyuta ya shule anajua mambo yote ya kompyuta. Basi mtu akiwa na video za arusi, za ubatizo au za mazishi, zilizotapakaa huku na huku katika kanda, simu na flashi, humletea mwalimu na kumwambia, “Mwalimu, zitie hizi zote katika diski moja.” Husema “zote” na “moja” kwa pumzi moja, kana kwamba maneno hayo mawili hayana ugomvi. Ugomvi wao ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Mimi nalipewa kazi hiyo na jamaa zangu wa Upare, baada ya babu yetu kufariki. Nalikabidhiwa kanda mbili ndogo za DV zilizopigwa mwaka 2008 katika jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya babu na bibi, pamoja na video za arusi ya dada yangu, za mazishi ya bibi, na nyingine fupi fupi zilizotoka katika simu za watu. Nilipozijumlisha nikapata muda wa saa 6 na dakika 10. Katika hizo ilikuwamo sehemu moja ya dakika 41 ambayo thamani yake haifanani na nyingine. Babu ameketi juu ya kigoda kando ya migomba yake, asema Kipare, awataja baba zake kizazi kwa kizazi, kisha aeleza ni akina nani waliochimba ndiva ya ukoo na jinsi zamu za maji zilivyogawanywa. Wasomaji wasiotoka kwetu wajue ya kuwa ndiva ni bwawa la udongo milimani, ambamo maji ya kijito hukusanywa usiku na kufunguliwa asubuhi yaende mashambani kwa mifereji. Walakini babu hakuishia katika maneno. Mara kwa mara aliinua mkongojo wake, akauelekeza mlimani nyuma yake, akasema, “Kutoka jiwe lile mpaka mfereji ule.” Jiwe hakulitaja kwa jina. Alisema “lile”, na mkongojo ukasema yaliyobaki.

Huenda msomaji atauliza, kwa nini diski moja, na si mbili au tatu? Swali hilo nalimwuliza shangazi yangu. Akanijibu, “Mwanangu, diski mbili hutengana.” Akanikumbusha arusi ya binamu yetu, ambayo ilitiwa katika diski mbili, ya pili iliazimwa na jirani wa jirani, na mpaka leo nyumba ile ina mwanzo wa arusi bila mwisho. Nikamtajia flashi. Akasema flashi ni mali ya vijana: kijana akiiona huifuta apate kutia nyimbo zake, hali diski ya kuandikwa mara moja haifutiki. Tena, katika nyumba saba zilizongojea nakala, tano zilikuwa na deki za DVD ziendeshwazo kwa umeme wa sola, na mbili katika deki hizo ni kuukuu hata hazina tundu la flashi. Najua ya kuwa mijini watu wengi wameziacha diski, na kompyuta nyingi mpya hazina hata mahali pa kuzitia. Lakini mimi sikuwa nawafanyia kazi watu wa mijini. Ziko pia diski za tabaka mbili zichukuazo gigabaiti 8.5. Hizo ni ghali zaidi, kwetu hazipatikani kwa urahisi, na baadhi ya deki za zamani hukwama penye mpaka wa tabaka.

Basi tuupime mfuko kabla ya kutia nafaka. Diski ya DVD, ambayo ilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1996, ina upana wa sentimita 12, na ile ya kawaida huchukua baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo diski hiyo hiyo huonyeshwa kuwa ina gigabaiti 4.38 tu, mwenye duka hakukupunja. Baiti moja ni biti nane, basi diski nzima ni biti bilioni 37.6. Hesabu iliyobaki ni ya mtoto wa shule ya msingi: zigawanye biti hizo kwa sekunde za video zako. Muda wa saa 6 na dakika 10 ni sekunde 22,200, na kila sekunde hupata biti milioni 1.7 hivi. Zingekuwa video za muda wa saa 2 tu, kila sekunde ingepata milioni 5.2. Kanuni za DVD zaruhusu picha itumie hata milioni 9.8 kwa sekunde.

Milioni moja na ushei yaweza kuonekana nyingi. Lakini tazama picha yenyewe yataka nini. Televisheni ya mtindo uliotumika kwetu huonyesha picha 25 kwa sekunde, na kila picha ya DVD ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, yaani nukta 414,720. Kama kila nukta ingeandikwa kwa biti 24, sekunde moja ingekula biti karibu milioni 249, na diski yote ingejaa kwa muda wa dakika mbili na nusu. Babu angekuwa hajamaliza hata kusalimu.

Hapo ndipo ilipozaliwa maarifa ya kubana. Sisi walimu tutaielewa upesi kwa mfano wa daftari la mahudhurio. Mwalimu haandiki upya majina ya watoto wote kila asubuhi. Huyaandika mara moja, kisha kila siku hutia alama ya mabadiliko tu, fulani hayupo, fulani amerudi. Video ya DVD hufanywa vivyo hivyo. Aghalabu katika kila nusu sekunde huandikwa picha moja kamili, na zile zifuatazo huandika yaliyobadilika tu, nyingine zikitazama picha iliyotangulia, nyingine zikitazama iliyotangulia na ijayo pamoja. Kwa hiyo kilichotulia ni rahisi na chenye kutikisika ni ghali. Mzee aliyeketi ukutani akisema neno lake hutumia biti chache. Ngoma hula biti nyingi kupita kiasi, maana kila mguu unatikisika, na vumbi nalo halitulii.

Njia ya pili ni kutumia udhaifu wa macho yetu. Macho ya mwanadamu hutambua mwanga na giza vizuri kuliko rangi, kwa hiyo DVD huweka mwanga wa kila nukta, lakini rangi huwekwa moja kwa kila nukta nne. Kisha picha hukatwa vipande vidogo vya nukta nane kwa nane, na kila kipande hupimwa: kina sehemu laini kiasi gani, na mikwaruzo na chembe ndogo kiasi gani. Hesabu itumikayo hapa ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Baada ya kupima, yale makubwa na laini hushikwa sana, na zile chembe ndogo hupunguzwa au hutupwa kabisa, kwa kuwa mtazamaji wa kawaida hatazikosa. Kanuni za jinsi ya kuyaandika hayo yote ziliwekwa na kundi la wataalamu liitwalo MPEG, lililoanza mwaka 1988 kwa juhudi za Leonardo Chiariglione wa Italia na Hiroshi Yasuda wa Japani. DVD hufuata mtindo wao wa pili. Mtindo wa mwaka 2003, uitwao H.264, waweza kutoa picha ile ile kwa nusu ya biti au karibu ya nusu; lakini deki kuukuu ya shangazi haiujui mtindo huo, na ukiipa itakataa kusema neno.

Niombe msomaji azingatie maneno niliyoandika sasa hivi: “mtazamaji wa kawaida hatazikosa.” Wataalamu wale walisema kweli, na kazi yao ni ya ajabu. Illa ukoo unaotafuta mpaka wa maji si mtazamaji wa kawaida. Jiwe la babu lilikuwa mbali mlimani, na katika picha lina upana wa nukta chache tu, rangi yake karibu sawa na ya nyasi. Kwa hesabu ya mashine, jiwe hilo ni chembe ndogo, ni mkwaruzo, ni kitu cha kutupwa kwanza. Na jambo la kusikitisha zaidi ni migomba. Siku ile ulikuwapo upepo, na majani ya mgomba, mnajua yalivyochanika, hayakutulia hata dakika moja. Basi mashine ikagawa biti zake kwa majani, kwa kuwa ndiyo yaliyotikisika, na babu aliyetulia, na jiwe lililotulia zaidi kuliko babu, wakapata makombo.

Jambo hilo sikulibuni kwa kusoma tu. Naliliona kwa macho. Kabla ya kuniletea mimi, kaka yangu mkubwa alikuwa amezipeleka video hizo katika duka moja la mjini wachomao diski. Wakazitia zote, saa 6 na dakika 10, kwa kipimo kile kile mwanzo hata mwisho. Tulipoitazama, ngoma ilikuwa kama sakafu ya vigae vinavyoruka. Uso wa bibi katika jeneza ulikuwa na miraba. Na babu aliponyosha mkongojo, mlima mzima ulikuwa kitambaa kimoja cha kijani kibichi, hakina jiwe, hakina mfereji. Sauti yasema “lile”, na hapana kitu. Siwalaumu mafundi wale. Waliambiwa zote, wakatia zote.

Hivyo tukakutana nyumbani kwa shangazi, mimi na kaka na shangazi mwenyewe, ili tuamue ni nini kitolewe. Kaka hakutaka kabisa. Alisema, “Mdogo wangu, ukikata video umekata mtu. Wakwe walitoka mbali na zawadi zao. Watajitafuta, na wasipojiona watasema tumewatupa.” Neno lake lilikuwa na haki, wala sikuweza kulibeza, maana nimeona jamaa wakinuniana miaka kwa jambo dogo kuliko hilo. Nami nikasema kwamba kwa kumweka kila mtu tutakuwa hatujamweka mtu yeyote, kwa sababu wote watakuwa miraba. Twalishindana hata chai ikapoa. Ndipo shangazi akakata shauri: kila aliyeleta zawadi aonekane uso mara moja akiitoa, lakini si lazima tumwone akija kutoka mlangoni, wala akirudi kuketi. Kwa amri hiyo moja tu, dakika 64 za zawadi zikawa 19, na hakuna mkwe aliyepotea. Msafara wa magari ya arusi, dakika 38, ukabaki na 2. Ngoma tukaipunguza bila huruma, kwa kuwa dakika moja ya ngoma ikitolewa hufungua nafasi kubwa kuliko dakika moja ya mahubiri. Foleni ya chakula ikatoka yote. Juu ya mazishi ya bibi shangazi hakukubali kitu kiguswe, nasi hatukumbishia. Mwisho wa yote zikabaki dakika 170.

Sasa hesabu ikakaa. Dakika 41 za babu nalizipa biti milioni 5 kwa sekunde pamoja na sauti, jumla bilioni 12.3. Dakika 129 zilizosalia nikazipa milioni 3, jumla bilioni 23.2. Pamoja ni bilioni 35.5, na diski yachukua 37.6, ziada kidogo yafaa kuachwa kwa ajili ya orodha ya kuchagulia na mambo mengine ya diski yenyewe. Programu niliyoitumia kubana ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, nayo hutolewa bure. Naliiagiza ipitie kila video mara mbili: mara ya kwanza kupima tu mahali pagumu na mahali pepesi, mara ya pili kuandika. Huchukua muda mara mbili, lakini ni kama mwalimu asomaye insha zote za darasa kabla ya kutoa alama. Hata hivyo kupita mara mbili hakukutosha kwa babu. Mashine ingali ikipenda majani kuliko jiwe, kwa hiyo nikaitia ukungu kidogo ile pembe ya migomba, isiwe na chembe nyingi za kuhesabiwa. Majani yalififia. Babu akabaki, na mlima nyuma yake.

Sauti sikuibana zaidi, nami nawasihi wengine wasiibane. Sauti ya DVD kwa biti 192,000 kwa sekunde, katika dakika hizo zote 170, haikufika biti bilioni 2 kati ya 37.6. Mtu anayepunguza sauti ili kupata nafasi anaokota senti na kuangusha noti. Wazee wetu wataka kusikia zaidi kuliko kuona, tena Kipare cha babu chenye maneno ya zamani hakivumilii kuparazwa.

Liko jambo moja la namna ya diski ambalo lilinifaa. Santuri za zamani zilianza kusomwa pembeni na kuishia katikati. Diski hizi ni kinyume: mwanga wa deki huanza karibu na tundu la katikati na kwenda nje, ukifuata njia ya mzunguko ambayo ikinyoshwa ingepata karibu kilomita 12. Vidole vya watu hushika pembeni, mikwaruzo hupatikana zaidi pembeni, na diski zilizochomwa haraka haraka huharibika kwanza pembeni. Kwa sababu hiyo babu naliweka mwanzo, mbele hata ya arusi, ijapokuwa kwa tarehe si wa kwanza wala si wa mwisho. Dada yangu hakufurahi kuiona arusi yake ikimfuata babu, kisha akakubali.

Diski nalizichoma polepole, nikazifunga kama ipasavyo, kwa maana diski isiyofungwa husomwa na kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki. Ya kwanza sikuijaribu katika kompyuta yangu, bali katika deki ile iliyo kuukuu kuliko zote. Ilipopita hapo, nikatoa nyingine sita.

Lakini diski hizo saba si hazina. Ni za kutazamia. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi kwa njia yoyote, na mtu akichukua diski iliyobanwa akaibana tena apate kuitia katika simu, hutupa juu ya kutupa, kama karatasi ya mtihani iliyotolewa nakala ya nakala hata herufi zikawa madoa. Tena upande wa kuandikia wa diski za namna hii ni rangi maalumu inayochomwa kwa mwanga, nayo jua na joto huifisha. Diski iliyoachwa dirishani haitawafikia wajukuu. Kwa hiyo video za asili, pamoja na zile dakika 200 tulizozitoa, zimo katika diski ngumu mbili za nje, moja kwangu na moja kwa kaka. Kanda mbili za mwaka 2008 peke yake zilijaza karibu gigabaiti 26, kwa kuwa kanda za namna hiyo huandika picha kwa biti milioni 25 kila sekunde, mara tano ya kile nilichompa babu. Gharama twaligawana nyumba zote saba, na kaka akawaahidi wakwe ya kuwa anayetaka kujiona akitembea kutoka mlangoni aende kwake.

Jumapili moja baada ya misa, watu wengi walikuja kwa shangazi kuitazama. Babu aliponyosha mkongojo, mzee mmoja wa ukoo wa jirani, ambaye baba zake walishiriki katika kuichimba ndiva, akaomba picha isimamishwe. Shangazi akabonyeza kitufe. Mzee akasogea karibu na televisheni hata akaizuia kwa mabega yake, akatazama kitambo, akasema jiwe analiona, nalo sasa limefunikwa na vichaka. Kesho yake vijana wanne, wawili wa kwetu na wawili wa kwao, walipanda na mapanga.